Siku sita Tanga na kamera, majani yanapukutika jua likienda kuzama

Siku ya 1, Jumatano. Raskazone

Mwezi wa kumi mwaka jana dada yangu anayekaa Vermont kule Marekani alinitumia picha WhatsApp, barabara ya vumbi inakatiza msituni na ile miti yao ya mepo imewaka pande zote mbili, nyekundu, chungwa, njano, halafu jua la jioni linapenya katikati yaani ukiitazama unahisi joto usoni. Akaniambia mdogo wangu huku ndo msimu wake, unaanza mwisho wa mwezi wa tisa unafika katikati ya mwezi wa kumi hivi, kisha upepo ukija siku mbili tu miti inabaki fito. Nikamjibu nzuri sana dada, ila ile picha haikunitoka, miezi tisa nimekaa nayo. Maana mi nimezaliwa Ngamiani, nimekulia humuhumu Tanga, na kila mwaka kipupwe kikiingia naiona mikungu ya huku baharini inageuka nyekundu vilevile, majani yanamwagika barabarani, watu wanayakanyaga, mwenye nyumba anatoka na fagio la chelewa anayakusanya anayachoma, basi yameisha. Sijawahi kumwona mtu amesimama mbele ya mkungu na kamera.

Kwa hiyo nimeomba likizo siku sita katikati ya mwezi huu wa saba. Nina kamera ya mtumba, lenzi mbili, ile ya milimita 18-55 na moja ya 50, tripodi, betri mbili, na nia ya kuzunguka mkoa wangu kutafuta majani yanayopukutika kwenye ule mwanga wa jioni kabla jua halijazama. Kila usiku nitaandika ya siku hiyo.

Leo nimeanza karibu. Saa kumi na nusu nikachukua baiskeli mpaka Raskazone, kusi inavuma, na kale kabaridi ka kipupwe ambako sisi wa pwani tunakavalia sweta. Kuna mkungu mkubwa nje ya nyumba ya bibi mmoja, matawi yametanda ghorofa ghorofa kama mikungu yote ilivyo, majani yamekaa mafungu mafungu kwenye ncha za matawi, na karibu nusu ya mti imeshageuka rangi. Tofauti na kule kwa dada nimeiona palepale: huku miti haiendi pamoja. Huu mwekundu, wa hatua ishirini mbele kijani kabisa, wa ng'ambo ya barabara umeshapukutika wote na unachipua upya. Kule siku zinafupika na baridi inaingia, miti yote inapata habari kwa pamoja, lakini kwetu urefu wa siku haubadiliki sana, ni ukavu ndo unaoisukuma na kila mti una wakati wake, kwa hiyo huku hutafuti msitu, unatafuta mti mmoja mpaka unaujua kwa sura.

Nikaokota jani moja chini. Refu kuliko kiganja changu, pana huku mbele, linakuwa jembamba likielekea kwenye kikonyo. Nikaliinua likingame na jua. Kwenye uti wa kati bado kijani, pembeni yake njano, kisha chungwa, na ukingoni nyekundu iliyokolea kama juisi ya rozela, mishipa yote imejichora mpaka ile midogo kabisa, na kuna vitundu viwili vya wadudu ambavyo mwanga ulivipita ukanichoma jicho. Rangi hiyo jua halijaipaka. Mti unaivunjavunja ile kijani na kurudisha ndani kilicho cha maana kabla ya kuliachia jani, njano ilikuwepo siku zote imefunikwa na kijani, nyekundu ndo inatengenezwa mwishoni. Na mepo za Vermont zinafanya kazi hiyohiyo. Hili limenigusa sana, kwamba mkungu wa Tanga ambao haujawahi kuona theluji na mti wa dada yangu wanaagana na majani yao kwa namna moja.

Mwenye nyumba akatoka. Nikamwambia shikamoo bibi. "Marahaba mwanangu, hujambo? Wapiga nini hapo, majani?" Nikamwambia ndiyo bibi, naomba ruhusa yako. "Piga, piga tu. Mi nshafagia mara mbili leo, nkigeuza mgongo yashamwagika tena. Mti huu ukianza hauna stara." Akaniletea na kigoda.

Sasa mwanga wenyewe. Leo jua limezama saa kumi na mbili na dakika 25. Ule mwanga wa dhahabu ninaousema mi ni pale jua linapobakisha kama nyuzi 6 kufika upeo wa macho, na dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, na sisi tuko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta kwa hiyo jua linashuka karibu wima, ukipiga hesabu unapata dakika 24 au 25. Kule Vermont linashuka kwa mshazari, dada anapata zaidi ya nusu saa na anahama sehemu tatu. Huku ukihama umekosa. Unatakiwa uwe umeshasimama mahali pako, tripodi imekaa, fokasi umeshaiweka, unasubiri.

Nilisubiri, nikapiga picha 60 na kitu, nimerudi nyumbani nimezifungua kwenye kompyuta nimevunjika moyo. Majani mekundu sawa, lakini mwanga mweupe kama wa saa tano asubuhi. Niliacha waiti balansi, ile seti ya kamera inayoamua rangi ya mwanga ionekane vipi, kwenye oto, na kamera ikiwa kwenye oto inaona ule uchungwa wa jioni ni kasoro, inaurekebisha kimyakimya. Na nimepiga JPEG, picha ambayo kamera imeshaipika yenyewe, sio RAW, ile ghafi, kwa hiyo nikijaribu kurudisha joto lake yale maeneo ya kijani yanakuwa kama kutu. Imeniuma, kwa sababu lile jani la juu kabisa upande wa bahari, ambalo lilikuwa peke yake kwenye ncha, kesho linaweza lisiwepo.

Siku ya 2, Alhamisi. Tongoni

Bodaboda mpaka Tongoni, barabara ya Pangani, kama kilomita 17 kutoka mjini. Nimefika saa tisa na nusu makusudi ili nizunguke kwanza bila kamera. Nimefuata mibuyu, maana mwezi huu imeshavua majani, na mbuyu kwa maoni yangu unapendeza ukiwa mtupu kuliko ukiwa na majani, ukiwa na majani unakuwa mti mkubwa tu, ukivua ndo unaona mikono yote ilivyopinda na lile gamba la kijivu lenye mikunjo kama ngozi ya ndovu.

Tongoni ni magofu, msikiti wa karne ya 15 na makaburi zaidi ya 40, mengine yalikuwa na nguzo ndefu na nyingi sasa zimeanguka zimelala kwenye nyasi. Mawe ya matumbawe na chokaa. Kwenye baadhi ya kuta kuna vishimo vya duara, humo ndo walikuwa wanapachika mabakuli ya kauri. Nikasimama hapo nikasalimia waliolala kama ilivyo ada, nikavua viatu nilipopita msikitini japo hauna paa.

Bahari iko mashariki, maji yalikuwa yamekupwa na mikoko imesimama kwenye tope, jua linakuja kutoka bara. Watu wengi wakisikia mwanga wa jioni wanageuza kamera kulifuata jua, wanapiga lile duara jekundu, na picha hizo zote zinafanana, ukiweka ya Tanga na ya Mombasa hujui ipi ni ipi. Mi naona jua lenyewe uliache, tazama linachoangukia. Ule mwanga ukiwa chini unapita kwenye hewa nyingi mno, jua likiwa upeoni ni karibu mara 38 ya likiwa utosini, bluu inatawanyika huko njiani kinachofika ni njano na nyekundu, halafu unakuja kwa ubavu, sio kutoka juu. Kwa hiyo unapaka rangi na unachonga kwa wakati mmoja.

Nikaweka lenzi ya 50 nikasogea kwenye nguzo moja mpaka nikawa karibu kuigusa. Mchana ilikuwa jiwe la kijivu. Saa kumi na mbili na dakika tano hivi ikawa rangi ya maandazi yanapotolewa kwenye mafuta, na yale matumbawe yenyewe yakaanza kuonekana, yaani utaona kabisa kwamba hiki kilikuwa kiumbe cha baharini, vitundu vya umbo la nyota, mamia, kila kitundu nusu kina mwanga nusu kina kivuli. Katikati ya vitundu viwili jani dogo la mbuyu limekauka limenasa. Hiyo ndo picha yangu ya leo na siibadilishi kwa nyingine. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 100, tripodi, nimekata mwanga kidogo chini ya ilichopendekeza kamera ili ile rangi isipauke, na waiti balansi nimeifunga kwenye Kelvin 5,600 isijibadilishe yenyewe, RAW. Imetoka kama nilivyoiona.

Mibuyu nimeipiga mwishoni, imekuwa ya shaba kuanzia juu kushuka, maana kivuli cha bara kinapanda kwenye shina polepole na matawi ya juu ndo ya mwisho kuzimika. Mwaka 1499 Vasco da Gama akirudi kutoka India alichoma meli yake moja, São Rafael, kwenye maji ya pande hizi kwa sababu mabaharia walishapungua hawatoshi meli zote, na nilikuwa natazama ile mibuyu mizee nikijiuliza kama kuna hata mmoja uliokuwa umesimama jioni ile nao umevua majani. Mbuyu unaishi karne na karne, kwa hiyo si swali la kijinga.

Siku ya 3, Ijumaa. Njiani

Nimeswali Ijumaa, nikapanda basi la Lushoto saa nane na nusu. Tairi likapasuka kabla ya kufika Korogwe, katikati ya mashamba ya mkonge, watu wamelalamika sana, mi nimeshuka na begi langu kabla hata konda hajatoa jeki.

Mkonge haupukutishi majani, tuelewane. Ila ulinipa kitu kingine. Ni mistari, imenyooka mpaka inapotelea machoni, na jua likiwa chini kila jani lile gumu lenye mwiba nchani linapata ukingo wa mwanga kama limechovywa, na katikati ya mistari kivuli cha buluu. Hapa na pale ile miche iliyozeeka imetoa ule mti mrefu wa katikati kama mlingoti wa jahazi. Mzee mmoja abiria mwenzetu akaja akasimama karibu yangu, alikuwa mkata mkonge ujanani, akaniambia mwanangu huo ukitoa mlingoti ndo unaaga, ukishamaliza maua unakufa. Akaninyooshea mikono nikaona makovu ya miiba mpaka kwenye viwiko. Nikamwomba nimpige picha ya mikono tu kwenye ule mwanga, akakubali, akaikunja akaifungua. Huo mmea haukuwa wa kwetu, Mjerumani Hindorf aliuagiza 1893 ukapitia Florida, miche 1,000 ikaanza safari ikafika hai 62, na kutokana na hiyo 62 ndo mistari yote hii na makovu yote haya.

Tumefika Lushoto usiku, baridi kali, shemeji kanipokea na chai ya tangawizi.

Siku ya 4, Jumamosi. Lushoto, ukungu

Hakuna jua. Nimepanda mwamba wa Irente saa tisa nikakuta ukungu mzito, bonde lote halionekani, nimekaa mpaka giza. Sikupiga hata moja kule juu. Mwezi huu huku milimani ndo hivyo, unaweza kupewa siku moja kati ya tatu.

Lakini mchana nimekaa nyumbani kwa shemeji na nimejifunza. Ana mpeasi nyuma ya jiko, huku wanalima sana hizi za baridi, mapeasi, mapichesi, plamu, na huo mpeasi ulikuwa na majani machache yamebaki, ya njano yenye madoa mekundu, mengine meusi kingo. Mwanga wa ukungu hauna joto ila ni laini sana, hauna kivuli, na jani lenye unyevu linaonyesha rangi yake yote. Nimepiga tatu nikaridhika.

Mtoto wa shemeji yuko darasa la sita alikuwa anafanya homuweki mezani, majira ya mwaka. Akaniuliza, "Anko, hapa wameandika majira ya Ulaya ambayo majani yanapukutika yanaitwa vuli. Vuli si mvua?" Nikamwambia umeuliza la maana kweli. Vuli yetu ni mvua ndogo za kuanzia mwezi wa kumi, ndo majani yanachipua, mbuyu unavaa, watu wanapanda mahindi. Kuichukua vuli ukaipachika kwenye kupukutika ni kuligeuza jina nyuma mbele, mtoto wa Tanga anasoma kitabuni kitu ambacho nje ya dirisha lake kinaenda kinyume. Kuna wanaosema mapukutiko, mi hilo nalipenda, halimdanganyi mtu. Na kwetu hayo mapukutiko yanaangukia kipupwe, tuna neno la majira, tuna neno la kitendo, miti tunayo, kilichobaki ni kuangalia. Nikampeleka kwenye mpeasi akaokota majani manne akayabandika kwenye daftari kwa gundi, chini yake akaandika Julai, Lushoto.

Siku ya 5, Jumapili. Irente

Asubuhi ukungu, saa sita ukungu, saa tisa ukaanza kuchanika. Nikatembea kwa miguu, ni kama kilomita tano au sita kutoka mjini, njia inapita kwenye mashamba ya kabichi na mikalitusi, magamba ya mikalitusi yananing'inia kama kanga zilizosahaulika kambani na yanalia upepo ukipita.

Irente ni mwamba, unasimama ukingoni, chini yako karibu kilomita nzima ndo kuna tambarare ya Mazinde na barabara kuu, magari kama siafu, na mbele tambarare inaenda mpaka macho yanachoka. Mwezi huu kule chini nyasi zimekauka. Miti mingi ya porini imevua majani. Ukiangalia saa nane ni rangi ya vumbi tu, mtu anaweza kusema hakuna cha kupiga.

Nikachagua mahali saa kumi na nusu, nikaweka tripodi chini kabisa kwa sababu upepo ulikuwa unasukuma, nikaning'iniza begi katikati yake liwe uzito. Halafu nikafanya kosa la kufikiria, nilikuwa nimelenga tambarare tu. Kijana mmoja mchunga mbuzi akaja akakaa kwenye jiwe, kimya, kama dakika kumi, kisha akasema, "Bro, angalia nyuma yako."

Nyuma yangu mteremko mzima wa mlima ulikuwa umeshika moto. Kuna miti imevua majani kwenye miamba, matawi membamba meupe, na ule mwanga ulikuwa unaipiga uso kwa uso huku nyuma yake ukungu uliobaki umejaa kwenye bonde rangi ya zambarau, kwa hiyo kila kitawi kinaonekana kimoja kimoja. Nikageuza tripodi yote. Saa kumi na mbili na dakika nane. Nimepiga ya kwanza kwa apecha, yaani tundu la lenzi, ya 8, na shata, muda linaloachwa wazi, 1/60 ya sekunde, upepo umetikisa matawi. Nikapandisha ISO mpaka 400, shata 1/250, ikatulia. Kati ya dakika nane na dakika ishirini nimepiga kumi na tisa tu, polepole, naangalia kingo nne za kila fremu kabla ya kubonyeza, na zile kumi na tisa zina thamani kuliko zile sitini za Raskazone. Rangi ilikuwa inabadilika kila dakika, asali, kisha chungwa, kisha ikawa nyekundu ya matofali na hapohapo kivuli kikaanza kupanda kutoka chini.

Za tambarare nikapiga mbili za mwisho, vumbi la kule chini limeshika mwanga likalala tabaka tabaka, na moshi wa mahali fulani umesimama wima. Nikampa yule kijana aangalie kwenye skrini. Alikaa nayo muda. Akasema hapa ndo nakaa kila siku. Tukashuka pamoja na mbuzi gizani, mi na tochi ya simu, yeye bila tochi.

Siku ya 6, Jumatatu. Raskazone tena

Basi la asubuhi, saa nane mchana niko Tanga. Jambo moja kwa wanaotoka milimani kuja pwani: usitoe kamera kwenye begi haraka. Imetoka na baridi ya Lushoto, inakutana na hewa ya bahari yenye unyevu, kioo kinatoka jasho nje na wakati mwingine mpaka ndani. Mi niliifunga kwenye mfuko wa nailoni tangu Lushoto nikaikaza, nimeifungua saa kumi ikiwa imeshapata joto la nje, kioo kikavu.

Baiskeli, Raskazone, kwa bibi. Mkungu umebaki na majani kama kumi na tano hivi. Lile la juu upande wa bahari halipo. Nilitegemea hivyo, lakini bado nilisimama nikatafuta kwa macho pale kwenye ncha kama mtu anayetafuta mtu stendi. Kwenye ncha hiyohiyo kuna kitu kimeanza, kichipukizi kidogo kimefumba, chekundu kidogo nacho, kina nywele laini ambazo mwanga wa nyuma unaziwasha. Nikabadilisha lenzi nikaweka ya 50, nikasimama juu ya kigoda cha bibi kwa ruhusa yake, nikakipiga na jani moja kuukuu likiwa nyuma yake limetoka nje ya fokasi, doa jekundu tu.

Bibi alikuwa amekusanya rundo lote la siku hizo uani, kubwa, limefika magotini. "Nlikuwa nataka kulichoma tokea jana, nkasema yule mwanangu wa majani huenda akarudi." Nikamwomba angoje saa kumi na mbili ifike. Akacheka, akaingia ndani akatoka na kahawa na kashata, tukakaa. Akanieleza kwamba walipokuwa watoto walikuwa wanagonga kungu kwa mawe hapohapo chini kula kile kiini, na kwamba huo mti umepandwa na baba yake, na kila mwaka ukipukutika mama yake alikuwa anasema mti unaoga.

Saa kumi na mbili na dakika tatu akawasha. Majani ya mkungu hayashiki haraka, yanatoa moshi mwingi kwanza, mweupe, mzito. Moshi ukapanda mpaka kwenye matawi matupu na jua likaingia kwa ubavu kutoka upande wa bandari, kila tawi likakata mwanga, ikawa mistari ya dhahabu na mistari ya kivuli imesimama hewani uani pale mpaka kwenye ukuta. Bibi yuko katikati na fagio, kanga ya kichwani imekuwa rangi ya moto. Nikamwambia bibi endelea tu kama unavyofanya. Akaendelea, anarudisha majani yanayokimbia, hanitazami.

Dakika ya 21 mwanga ukatoka kwenye moshi, ukabaki juu kwenye kile kichipukizi, kisha ukatoka na hapo. Nikamwonyesha picha. Akachukua kamera kwa mikono miwili akaisogeza karibu na macho.

"Hii uisafishe uniletee, ya karatasi, si ya simu. Na umpelekee na huyo dada yako."

Nimemtumia dada usiku huu. Kule kwao ni mchana, joto, miti yote ya kijani. Amejibu kwa swali moja, huo mti uko mtaa gani, nikija Desemba nitaukuta na majani? Nimemwambia utaukuta umevaa, dada, uje tu.